Kuku Mgeni Hakosi Kamba Mguuni: Siku Nane Tulu Nadu

Siku ya 1, Ijumaa

Uwanja wa ndege wa Mangaluru uko juu ya kilima kilichokatwa kichwa, kote ukingoni ni bonde. Anna kaniambia hayo baada ya kutua, si kabla, na namshukuru.

Anna kwa Kitulu ni kaka. Miaka minne tumelala chumba kimoja pale Ruwi, Muscat, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini, lugha yetu Kihindi cha Ghuba kilichotiwa Kiarabu cha sokoni. Usiku mmoja nilimsimulia habari za kuchi wa marehemu mjomba wangu, Tanga: majogoo marefu, shingo wima kama askari wa gwaride, manyoya haba, ukimsogelea mtetea wake anakurukia wewe. Nikamweleza mjomba alivyokuwa akiwapambanisha uani Jumapili jioni, kwa vipi vya miguuni vya kuzaliwa navyo, mpaka mmoja akimbie na watoto wamzomee. Anna akashuka kitandani, akakaa sakafuni, akataka nianze upya. Mwisho akasema: likizo ijayo unakuja kwetu, uone kori katta. Kori ni kuku, akanitafsiria. Halafu akaashiria kwa vidole kitu kinachofungwa mguuni.

Nami nikawaza methali yetu: kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Kwao ni Tulu Nadu, pwani ya kusini-magharibi ya India: wilaya za Dakshina Kannada na Udupi katika jimbo la Karnataka, na kipande cha Kasaragod kilichoangukia Kerala. Kitulu, kwa sensa ya 2011, kina wasemaji wapatao milioni 1.8. Hakina jimbo lake, ila kina kuku wake.

Leo tumezunguka mjini tu. Mtaa wa gati la zamani unaitwa Bunder, na hapo sikuhitaji mkalimani. Nimeswali Ijumaa kwenye msikiti wa Zeenath Baksh, nguzo zake za mbao zimechongwa kwa uvumilivu ule ule wa milango ya Unguja. Nilipotoka nikainua macho, nikaona vigae vyekundu paa kwa paa. Nyumba ya bibi yangu Tanga ina vigae hivyo hivyo, kwa chini vimepigwa chapa MANGALORE. Tulipokuwa watoto tulidhani ni jina la fundi. Kumbe kiwanda cha kwanza kilianzishwa hapa na wamisionari wa Basel mwaka 1865, na vigae vikapakiwa melini kuja Afrika Mashariki. Nimekuja kutafuta kuku, nikalikuta paa la bibi.

Chai tumeinywa na kitu wanachokiita "buns". Ni mahamri yaliyokandwa kwa ndizi mbivu. Nimekula manne.

Siku ya 2, Jumamosi

Basi la kuelekea Belthangady ni la mtu binafsi, limepambwa kama bibi harusi, na utingo anapuliza filimbi badala ya kugonga bati. Kadiri tunavyoiacha bahari, ndivyo milima ya Ghats inavyopanda mbele yetu kama ukuta. Chini yake ni mipopoo, mipopoo, mipopoo, na minazi imechomekwa katikati. Kwa Anna uwanja mzima umetandazwa popoo zinazokauka juani, hakuna pa kukanyaga ila kijia kimoja cha kwenda mlangoni.

Nyumba si ya babake. Ni ya mjomba wake, kaka wa mamake. Kwa desturi yao ya kale, aliyasantana, mali ilipita kwa wajomba kwenda kwa watoto wa dada zao. Sheria za leo zimeilegeza, lakini moyoni bado ipo: mzee anamwangalia Anna kama mwenye nyumba wa kesho. Anna anamwita tammale. Mimi nimemwita mjomba, naye alipoelezwa maana yake akacheka, akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

Familia ni ya Wabillava, ambao kazi yao ya jadi ni ugema. Tembo kwa Kitulu huitwa kali. Nikamwambia mjomba kwamba kwetu neno hilo ndilo tunalotumia kwa jogoo wake. Ilibidi Anna alitafsiri mara mbili.

Jambo moja la kuchekesha: "dada?" kwa Kitulu ni "nini?" Mzee mwenye masharubu akigeuka kila mara na kukuuliza "dada?", unahitaji siku nzima kuzoea.

Siku ya 3, Jumapili

Saa 12 asubuhi nimeamshwa na kuwika kwa majogoo sita, kila mmoja kona yake. Hawalali pamoja, hawaonani, hawaguswi na mtetea. Kila mmoja ana kigingi, kamba ya katani mguu mmoja, na kifuu cha maji. Mjomba huwaanza kwa zamu: humshika jogoo chini ya kwapa, hupuliza manyoya ya kidari kuangalia ngozi, hufungua mdomo na kunusa. Ananusa kweli! Kisha humrusha juu kidogo kwenye majani aone anavyotua. Akitua kwa mguu mmoja kabla ya mwingine, siku hiyo hapewi mpunga mkavu, anapewa uliolowekwa. Sababu sikuipata, na sidhani kama Anna anaijua.

Wanawaita kwa rangi, si kwa majina. Bolle ni mweupe. Kakke ni mweusi, kama kunguru. Kemmaire ni mwekundu aliyeingiliwa na weusi, rangi ya kaa la moto linaloanza kufifia. Mjomba ana kemmaire mmoja tu, na ndiye mwana wa nyumba. Nimempimia jicho: mfupi kuliko kuchi wetu, mnene wa paja, manyoya yamejaa shingoni kama shali. Upanga wa kichwani umekatwa mpaka chini ili adui asipate pa kumshikia. Kuchi ana upanga mdogo kwa kuumbwa. Nilipomwambia mjomba, akanyamaza kwa heshima, kama niliyemwambia kwetu watoto huzaliwa wanasoma.

Baada ya chai akatoa kitabu. Ni chembamba, cha Kikannada, karatasi nyepesi, kimefungwa kwa mpira wa kubania noti. Kukkuta Panchanga: kalenda ya nyota ya kuku. Kwa kila siku na kila nyota inayotawala, kinakwambia rangi ipi itaishinda rangi ipi, na kwa saa zipi. Rangi inayoshinda asubuhi huweza kuwa maiti alasiri. Mtu hapeleki jogoo mpambanoni kabla ya kukifungua, kama wazee wa kwetu wasivyoposa wala kung'oa nanga bila kumuuliza mwenye falaki. Mjomba anaandika pembeni kwa penseli: tiki palipotimia, nukta palipokosea. Miaka yote ya vitabu vya nyuma amevihifadhi kwenye kopo la biskuti. Nukta zipo, lakini kila nukta ina maelezo.

Akakipekua hadi Alhamisi. Siku hiyo kemmaire anamshinda bolle kwa saa sita za mwanzo tangu jua kuchomoza. Baada ya hapo ni kinyume.

Alipochungulia daftari langu akaona nimeandika saa 4, wakati simu yake inasema 10. Akadhani saa yangu imeharibika. Nikamweleza kwamba sisi tunahesabu tangu kunapokucha: saa 1 ni saa ya kwanza ya mchana, saa 6 jua la utosi. Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema kitu, Anna akatafsiri: "Ninyi mna saa ya kitabu."

Siku ya 4, Jumatatu

Joto. Nimefua nguo. Jirani kanikuta nimekaa na popoo moja mkononi, akanionyesha kuimenya. Hakuna zaidi.

Siku ya 5, Jumanne

Leo kimetoka kisanduku. Ndani yake, ndani ya kitambaa chenye mafuta ya nazi, visu saba. Wanakiita baalu. Hakifiki urefu wa kidole changu cha shahada, kimepinda kidogo kama mwezi wa siku tatu, na hakina mpini. Badala yake kina shina bapa la kulalia mguuni. Mjomba alinyoa kwa kimoja vinyweleo vya mkono wake, pu, vikaanguka, kisha akakirudisha haraka kwenye kitambaa kama anayemfunika mtoto.

Kufunga ni fani ya peke yake. Mguu huzungushiwa kwanza kitambaa, baalu kinawekwa, kisha uzi, mizunguko mingi, ukikazwa kwa meno. Ukilegea, kisu kinageuka na kumkata mwenyewe. Ukikaza mno, mguu unakufa ganzi na jogoo anasimama kama mzee wa yabisi. Mjomba amenifundisha kwa kutumia kijiti, juu ya kidole gumba changu. Nimefunga mara tano. Mara ya tano akatikisa kichwa upande kwa upande, nikadhani nimekosea tena. Huku ndivyo wanavyosema sawa.

Hapo ndipo tulipobishana. Nikamwambia kwamba kwetu kuku walipigana na walichopewa na Mungu, aliyechoka alikimbia na jioni alikula pumba zake. Kisu kimeua mchezo. Kimebaki kama bahati nasibu yenye damu. Mjomba hakukasirika. Akaniuliza: kuchi wa mjomba wako walipigana muda gani? Nikakumbuka kwa kweli: nusu saa, wakati mwingine zaidi, mpaka macho yamevimba yamefumba. Akasema, huku ni muda wa kutafuna tambuu moja. Yupi kati yetu ni mkatili?

Sikuwa na jibu, na bado sina, ila naona wote wawili tuliuliza swali ambalo jogoo hakuulizwa.

Sheria yenyewe imeshajibu. Tangu 1960 India ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na kuchochea wanyama wapigane ni kosa. Dau linaongeza kosa la kamari. Kinachomuuma mjomba ni kambala, mbio za nyati wa kufugwa kwenye matope ya mashamba ya mpunga. Nazo zilikwama baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya India ya 2014, Karnataka ikabadilisha sheria yake 2017, na mwaka 2023 mahakama hiyo hiyo ikayakubali mabadiliko. Leo zinakimbizwa chini ya taa za umeme, watu wanashangilia. "Nyati wana mawakili," mjomba alisema. "Kuku ana nani?"

Siku ya 6, Jumatano

Usiku wa kola, ngoma ya kuita roho. Roho hizo, za mahali na za ukoo, wenyewe huziita bhuta, au daiva, na kila nyumba kubwa ina zake. Bila kola hakuna kori katta yenye maana, Anna anasema: damu inayomwagika uwanjani ni ya kuridhisha ardhi. Na yote yana msimu mmoja. Siku ya Pattanaje, mwishoni mwa Mei, kengele za miguu zinatundikwa, kuku wanapumzika, mvua inaingia. Hakuna kitu tena mpaka mavuno.

Mchezaji alianza kupakwa rangi magharibi, uso manjano iliyoiva, mistari myeusi na myekundu. Kiunoni sketi ya makuti machanga yaliyochanwa, ukimsogelea unasikia harufu ya kuti bichi tu. Miguuni gaggara, pete nzito za shaba zenye kokoto ndani. Mwanamke mzee aliimba hadithi ndefu ya Kitulu, paddana, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Kisha akaja Panjurli, roho ya nguruwe mwitu, na yule mtu niliyemwona akivuta biri saa moja kabla hakuwepo tena.

Nilikaa nyuma, nikisoma nilichojaliwa kukisoma kimoyomoyo. Nilitegemea kitisho. Nilichokiona zaidi ni baraza la usuluhishi. Ndugu wawili waliogombea mnazi wa mpakani waliitwa mbele, wakasemwa hadharani na roho yenye makuti kiunoni, mmoja akalia. Saa 8 usiku mnazi ulikuwa umeshapata mwenyewe. Mabaraza yetu ya kata yangejifunza kitu.

Siku ya 7, Alhamisi

Shamba la mpunga lililovunwa, mabua yamekatwa chini, katikati pamekanyagwa pakawa kama sakafu. Majogoo labda themanini, kila mmoja na kigingi chake, wote wanawika kwa mpigo. Ni wanaume peke yao. Mama mmoja anauza soda na mayai ya kuchemsha chini ya mwembe, na hana hata haja ya kugeuka kuangalia.

Nilidhani watu wanakuja kutazama mapigano. Saa tatu nzima hakuna aliyepigana. Watu wanatembea na kuku kwapani, wanasimama, wanatazama wa mwenzake, wanabadilishana: nishikie wangu nikushikie wako. Ndiyo mizani yao, mkono. Ukimshika wa mwenzako unapima uzito, mapigo ya moyo, joto la paja, na unarudisha bila kusema kitu. Wengine wanafungua vitabu vyao vya nyota kwa siri kama wanafunzi wenye vikaratasi vya kuibia mtihani. Mjomba alimshika bolle wa mzee mmoja mwenye mkongojo, wakaangaliana, wakacheka bila furaha. Wanajuana tangu ujana. Mapatano yakapita hapo, wala sikusikia neno.

Ilikuwa saa 5 kasoro, wakati wa kemmaire kwa mujibu wa kitabu. Mjomba akafunga baalu, uzi menoni. Mara ikapigwa mluzi barabarani: polisi wanakuja. Sijapata kuona shamba likikauka hivyo. Kuku themanini waliingia kwenye mipopoo kwapani mwa wenyewe, na nilijikuta nimejibanza kwenye mtaro pamoja na mzee wa mkongojo na bolle wake, mkono wangu umeufunga mdomo wa jogoo asiwike. Polisi hawakutokea. Lakini mpaka watu warudi ilikuwa saa 6 na nusu.

Anna akanong'ona: muda umepita, sasa ni wa bolle. Mjomba alikuwa anajua kuliko yeye. Angeweza kumrudisha kapuni na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mzee wa mkongojo alikuwa ameshasimama katikati.

Dau likapita kwa vidole na kwa ukelele, bolle, bolle, wengi wao na vitabu mifukoni. Mimi sikuweka, kamari nimekatazwa, na Anna alishawaambia. Waliwakutanisha midomo wakiwa bado mikononi, wakadonoana, manyoya ya shingo yakasimama kama miavuli. Wakarudishwa hatua mbili. Wakaachiwa.

Nilihesabu kimoyomoyo na sikufika arobaini. Waliruka mara tatu. Mara ya kwanza hakuna kitu, ya pili unyoya mweupe ulibaki hewani, ya tatu bolle alitua amekaa. Akajaribu kunyanyuka, akatazama kando, kama aliyeitwa, kisha kichwa kikalala. Kemmaire alisimama juu yake bila kuwika, damu inamtiririka chini ya bawa.

Mzee wa mkongojo alimwokota jogoo wake mwenyewe, akaondoa baalu, akamfuta mdomo kwa pindo la nguo, akamkabidhi mjomba. Aliyeshindwa huitwa otte, na ni mali ya mshindi. Hakuna aliyesema pole. Mjomba alimpokea kwa mikono miwili, kama alivyonishika mkono siku ile.

Njiani hakufurahi. Miaka arobaini na kitabu, na ameshinda kinyume chake.

Jioni ilipikwa kori rotti: mikate ya mchele mikavu, myembamba, inavunjika kama vigae, juu yake mchuzi wa kuku wa nazi na pilipili nyekundu. Jikoni vilikuwa vyungu viwili. Kimoja cha otte. Cha pili kidogo, cha kuku aliyechinjwa na bucha wa Kibeary, Waislamu wa pwani hii, ambaye shangazi wa Anna alitembea kwenda kwake na kurudi juani bila kuniambia. Nilikijua kwa sababu kilikuwa na kifuniko kipya.

Siku ya 8, Ijumaa

Mjomba kaniamsha kabla ya alfajiri. Nikadhani ni jogoo. Jogoo yuko chini ya tenga verandani, ameshonwa nyuzi sita chini ya bawa na kupakwa manjano. Mjomba alitaka tusimame uani na daftari langu.

Tukasimama. Kulikuwa kumekucha, mtu unamwona, lakini jua lenyewe limezuiwa na milima. Mjomba ananyoosha kidole Ghats, Anna anatafsiri huku anapiga miayo: aliyechapa kitabu anakaa mjini, jua la mjini si hili. Popoo zilikuwa za kijivu, zikawa kahawia, kisha ncha ya nuru ikaruka ukingo wa mlima na kutupiga usoni. Nikatazama simu. Saa 1 na dakika 20.

"Hesabu," akasema mjomba. "Kwa saa yenu."

Saa yetu haifanyi hivyo, nilitaka kumwambia. Saa 1 ni saa 1 hata mvua ikinyesha. Lakini nikahesabu, kutoka pale jua lilipotupiga hadi saa 6 na nusu ya jana. Saa 5 na dakika 10. Saa sita za kemmaire hazikuwa zimeisha.

Mjomba akafungua kitabu kwenye ukurasa wa Alhamisi. Nukta aliyoiweka jana usiku akaifuta kwa kidole kilicholowa mate mpaka karatasi ikachubuka, akaweka tiki juu ya mchubuko, kisha akanipa penseli niandike pembeni kwa lugha yangu. Nikaandika: saa 5 na dakika 10, jua la hapa. Verandani, chini ya tenga, jogoo alikuwa anadonoa mpunga uliolowekwa, punje moja, anapumzika, punje nyingine.